Gunia lipi, la wapi, la lini?

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Programu za mtaani zinazowafundisha vijana habari na teknolojia zianzie wapi ili zisiishie kwenye vyeti?" Najua wengi watawajibu: kompyuta. Mimi nasema zianzie kwenye kazi ambayo kuna mtu upande wa pili anaisubiri, na atalalamika ikichelewa au ikiwa mbovu. Hayo mengine yatafuata, kompyuta ikiwemo.

Naandika nikiwa fundi simu Mwanjelwa, hapa Mbeya. Jumamosi mchana nafunga kibanda mapema na kwenda kukaa na kikundi cha vijana kwenye ukumbi wa kata. Sina shahada ya habari wala ya kompyuta. Ninachojua nimekiona mezani kwangu, kwenye simu za watu.

Wageni tumewapata wa kila aina. Wanakuja na projekta, bango lenye nembo, fulana na chai ya saa nne. Siku ya kwanza kijana anaonyeshwa hii kibodi, hii kipanya. Siku ya pili anaandika barua kwenye Word. Siku ya mwisho ni vyeti na picha ya pamoja. Kompyuta zikibahatika kubaki, zinafungiwa kwenye chumba, na mwenye ufunguo amekwenda msibani. Mwaka ukiisha hakuna anayekumbuka faili linahifadhiwaje, ila fulana bado zinavaliwa shambani. Sizibezi fulana, ni imara kweli.

Kijana wa leo wa Soweto au Ilomba, mitaa ya hapa Mbeya, hana haja ya kufundishwa kukata video. Anakata kwa kidole gumba, kioo kimepasuka, chaji asilimia nane, na video inatoka safi. Anachokosa ni vile vitu visivyoonekana kwenye kioo. Kuna mteja wa aina moja ambaye haishi kibandani kwangu. Amesahau patani ya kufungulia simu, au mdogo wake amechezea simu, imefutwa yote, na sasa inadai akaunti ya Google iliyokuwemo. Namuuliza barua pepe yake. Hajui. Aliyeifungua ni yule kijana wa dukani siku aliponunua simu, akaandika jina analolijua mwenyewe na nywila anayoijua mwenyewe. Kinga hiyo iliingia kwenye Android mwaka 2015 ili simu ya wizi isimfae mwizi, na ni kinga nzuri. Lakini mtu ambaye hajawahi kuwa na akaunti yake mwenyewe inamfungia nje ya mali yake. Picha za msiba wa baba, namba za wateja, zote zimekwenda, na hapo anaanza kunilaumu mimi fundi.

Kwa hiyo somo letu la kwanza halihitaji projekta. Kila mmoja anafungua akaunti yake kwa mkono wake na kuandika nywila kwenye daftari linalokaa nyumbani (ndiyo, daftari; wataalamu wa usalama wanune tu). Kisha anapiga *106# kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Hapo darasa huchangamka lenyewe, maana hakosekani anayekuta laini asiyoijua.

Baada ya hapo inakuja kazi, na kazi yetu ni bei ya viazi.

Kwa asiyeijua Mbeya: viazi mviringo ndiyo ada ya shule na bati la nyumba kwa watu wa Umalila na Uporoto. Vinashuka kutoka Santilya, Ilembo na Isuto hadi Mbalizi. Vinashuka kutoka Igoma na Ijombe hadi Uyole. Vingine vinauzwa Isongole, kando ya barabara ya Tukuyu. Mkulima aliye kule juu hajui kama Uyole asubuhi hii kuna malori mengi au hakuna hata moja. Dalali anajua, na anapokula dalali ni hapohapo. Vijana wetu wanatengeneza sauti ya dakika tatu, Jumanne na Ijumaa, inayoingia kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima. Tulichagua sauti kwa sababu ya bando. Sauti ya namna hiyo haifiki hata MB moja, wakati video ya dakika hizohizo inakula MB nyingi na mkulima anaiacha bila kuifungua. Tena sauti unaisikiliza mikono ikiwa kwenye jembe.

Katika zile sauti za mwanzo alisoma binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne, mwenye sauti ya kutangaza haswa. "Habari njema, wakulima, gunia la viazi limepanda!" Akataja bei, akaaga kwa mbwembwe za redioni. Haikupita muda, mzee mmoja wa Santilya akarudisha sauti yake. Akasalimia, akauliza hali, halafu: "Sasa mjukuu wangu, gunia lipi? La wapi? La lini?" Basi. Binti akajibu "Shikamoo babu", kisha akakosa la kuongeza.

Tulikaa na maswali hayo Jumamosi nzima, na mpaka leo hatujayamaliza.

Gunia lipi? Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini shambani linalojazwa ni lumbesa, lile lenye kilemba kilichoshonewa kamba juu. Ukisema "gunia" bila kusema lipi, mkulima anayeuza lumbesa anasikia bei nzuri kumbe anatoa viazi vya bure. Kijana mmoja akaenda kuazima mizani kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, wakapima lumbesa moja pale Uyole, ikapita kilo 100 kwa mbali. Walipiga picha ya mizani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo picha ya kwanza ya habari waliyowahi kupiga, maana ilionyesha kitu ambacho kila mtu alikisema na hakuna aliyekuwa amekithibitisha mbele yao.

La wapi? Bei ya shambani Ilembo si bei ya Mbalizi, na ya Mbalizi si ya sokoni Dar es Salaam. Katikati kuna nauli, ushuru, kupakia na kuoza. Kwa hiyo sasa kila bei inatajwa na mahali pake, na inatoka kwa watu wawili: mmoja anayeuza, mwingine anayenunua. Dalali peke yake hatoshi. Si kwamba ni mwongo; ana upande.

La lini? Hapa ndipo vijana walipoelewa mtandao kuliko semina yoyote ingewaeleza. Sauti ukishaituma siyo yako tena. Inapelekwa kundi hadi kundi, na wiki ya tatu inamfikia mtu wa Kikondo kama habari ya leo. Anapakia viazi, anashuka, anakuta bei imeanguka, na anawalaani. Kuanzia hapo kila sauti inaanza na siku na tarehe kabla hata ya salamu, ili atakayeikata mwanzo ajulikane kwamba ameikata kwa makusudi. Binti aliacha mbwembwe. Wasikilizaji wengine walizikosa, nami kidogo pia.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo jibu langu kwa swali lenu. Yule mzee hakuwa mwalimu, wala hakulipwa posho ya uwezeshaji. Alikuwa na viazi vyake, na sauti ile ilimgusa mfukoni. Programu nyingi zinamfundisha kijana kutengeneza kitu halafu kinaonyeshwa kwa nani? Kwa mfadhili, siku ya kufunga, na mfadhili hupiga makofi hata kama tarehe haipo.

Kuhusu Excel, wageni waliwahi kuifundisha ukumbini kwetu kwa mfano wa mishahara ya kampuni ya kufikirika. Haikushika. Ilishika siku daftari la bei lilipojaa na mmoja akataka kujua kama Jumanne bei huwa chini kuliko Ijumaa. Kuna mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kile kilichoanza 1986 kikiwa chuo cha ufundi, anayekuja kutusaidia. Akafungua Google Sheets, ndugu yake Excel, kwenye simu, akaingiza bei, akaandika =AVERAGE ipige wastani, na viti vyote vikasogea. Sasa wanachora grafu, na wanajua pia kwamba wastani wa bei tatu si habari ya kutangaza. Mtu akiniuliza kuhusu kuwafundisha watoto kuandika programu, sina ugomvi. Scratch, programu ya kujifunzia hayo, ni ya bure, ukishaiweka kwenye kompyuta haidai intaneti, na watoto wa darasa la tano wanaipenda. Ila mwenye bajeti ndogo asianze na roboti kwa sababu tu inapendeza kwenye picha.

Wala sisi hatujabuni chochote. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Redio inarusha kipindi, kikundi kimekaa kusikiliza, kiongozi aliyepewa mafunzo ana kijitabu mkononi, wanajadili, kisha wanainuka kwenda kuchimba choo au kusafisha kisima. Walioshiriki walikadiriwa kufika milioni 2, na hiyo ilikuwa enzi ambayo redio moja inahudumia vitongoji. Kabla yake kulikuwa na Wakati wa Furaha, 1971. Baada yake Chakula ni Uhai, 1975. Mama yangu mkubwa alikuwa kwenye kikundi kule Rungwe. Yaliyosemwa redioni alikuwa ameyasahau mengi. Alichokumbuka ni kwamba mkikutana tena mtaulizwa choo kimefika wapi. Vijitabu hivyo watu wa miradi wangevitafuta kabla ya kuandika andiko jingine lenye maneno "uwezeshaji wa kidijitali".

Sasa ajali, na hili linaniuma. Anayeijua barabara kuu ya hapa kwetu anaijua miteremko ya Iwambi na Mlima Nyoka, na malori yanayokatika breki. Ajali ikitokea, kabla askari wa usalama barabarani hajafika, simu zimeshainuliwa. Mke anamwona mumewe kwenye stetasi ya mtu asiyemjua. Ukimuuliza aliyerekodi, atakwambia anatoa taarifa. Kikundi chetu kilibishana sana juu ya hili, wengine wakisema tusiporekodi sisi watarekodi wengine, nao watapata wafuasi. Hatimaye waliandika masharti yao wenyewe na kuyabandika ukutani: piga 112 kwanza, saidia ukiweza, usipige picha uso wala mwili, usitaje jina wala namba ya gari mpaka ndugu wajulishwe, ukitangaza, tangaza kwamba barabara imefungwa na madereva wapite wapi. Sharti hilo la mwisho ndilo lililowashawishi waliokuwa wanapinga, kwa sababu dereva aliyeko Uyole au Mbalizi anataka kujua hilo hasa, na atawashukuru.

Kuna pia picha zinazoletwa. Agosti, baridi kali, vumbi mpaka kwenye chai, ikazunguka picha ya "ajali ya leo asubuhi". Binti yuleyule wa viazi akaikuza kwa vidole viwili. Matairi yamezama kwenye matope na majani ya pembeni ni mabichi kabisa. "Anko, mvua hii imenyesha wapi?" Wakaipitisha kwenye Google Lens, inayotafuta picha mtandaoni, ikaibuka kwenye kurasa za miaka ya nyuma. Hakuna chuo kilichomfundisha kutazama majani. Kamaliza shule Mbeya, anajua Agosti inafananaje.

Sheria tunaifundisha bila kutishana, lakini tunaifundisha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa hata anayesambaza uongo akiujua ni uongo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizokuja 2018 na kuandikwa upya 2020, zinamtaka anayeendesha chombo cha habari mtandaoni awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano; vijana wengi wanafungua "TV" yao bila kujua hilo, na gharama yake si ya mfuko wa kijana. Na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo inampa mama muuza mboga haki ya kuuliza picha yake inakwenda wapi. Kwetu kila anayerekodiwa anaulizwa kwanza, na jibu lake linarekodiwa mwanzoni mwa sauti. Wengine wanakataa. Wakikataa, tunaaga na kuondoka.

Wasichana walikuwa wachache. Tulipokutana jioni hawakuja, na sababu zilikuwa wazi kwa aliyetaka kuziona: chakula cha jioni, giza, na simu ya familia ambayo muda huo iko kwa baba. Tukahamia saa nane mchana, tukamwomba mama mmoja wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, aje akae nasi. Yeye akaja na wenzake, wenzake wakaja na kesi zao za zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Ikabidi mabinti wawafundishe mama zao kuripoti namba ya tapeli kwenda 15040, na jinsi ya kumjibu anayejiita mtoa huduma: kata simu, piga mwenyewe namba ya huduma kwa wateja. Baada ya hapo ruhusa nyumbani haikuwa taabu tena.

Atakayesema haya ni ya viazi tu, amsikie rafiki yangu aliyehamia Ilula, wilayani Kilolo. Kule ni nyanya, na ugomvi ni ukubwa wa tenga. Vijana wa mjini Iringa wasio na shamba wana Kalenga jirani, kwenye makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mrekodi mzee anavyosimulia, kalinganisheni na tarehe za makumbusho, kisha mrudishieni mzee asikilize. Mtajua siku hiyohiyo kama mmemnukuu sawasawa, maana mzee wa Kihehe hatawaficha.

Lipo swali la fedha, ambalo mhariri hukuliuliza lakini nitalijibu. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Vijana wetu walitaka kuchukua. Nikawaambia mkopo ni wa biashara; mafunzo hayarudishi rejesho. Wakopee kamera siku watakapokuwa na oda za harusi na kipaimara zinazotosha kulipa, siyo kabla. Bando la sasa linatoka kwenye vijikazi: kutengeneza vipeperushi, kuwasajilia watu maombi ya ajira na mikopo ya chuo, kuhamisha picha kutoka simu mbovu (hapo nawapa mimi wateja).

Na tangazo moja. Duka la pembejeo lilikuja na pesa taslimu, likataka mbolea yake isomwe katikati ya bei za viazi kwa sauti ya yule binti, kana kwamba ni sehemu ya habari. Zilikuwa pesa za bando la miezi. Wavulana wawili walikuwa tayari kupokea. Binti akauliza yule babu wa Santilya akirudisha sauti ataambiwa nini. Walibishana mpaka mlinzi akaja kutaka kufunga ukumbi. Waliafikiana tangazo lisomwe mwishoni, na mtu mwingine, likitanguliwa na neno "tangazo", na bei ya mbolea itajwe pamoja na uzito wa mfuko. Mwenye duka alinuna, akasema watoto hawa wamefundishwa ujuaji. Wiki iliyofuata akalipa nusu ya alichoahidi, na tangazo likasomwa.

Fundi simu, Mwanjelwa, Mbeya